Wazigua wa Mto Juba: Somo kwa Wanaotaka Mgeni Amezwe

Sehemu ya Tatu

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayotamka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, jambo ambalo serikali ya taifa hilo haikuwahi kulitamka tangu liasisiwe. Amri hiyo ilifuta agizo la Rais Bill Clinton la mwaka 2000, lililozitaka idara za serikali ziwe na utaratibu wa kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Wanaoiunga mkono wamerudia hoja tuliyoichambua katika sehemu mbili zilizotangulia: kwamba mgeni akiweka kando lugha na desturi zake akafanana na mwenyeji, nchi hutulia na yeye mwenyewe husalimika.

Sitarudia maelezo ya tofauti kati ya sera ya kuwameza wageni na sera ya wingi wa tamaduni. Leo nataka tuitazame hoja hiyo mbele ya ushahidi, na ushahidi wenyewe unatuhusu sisi Watanzania. Ni habari ya Wazigua wa Mto Juba, kusini mwa Somalia, historia ninayoifuatilia kwa miaka mingi na ambayo naamini kila mtoto wa shule nchini mwetu angepaswa kuijua.

Ilianza katika miaka ya 1830. Njaa kali iliingia Uzigua, nchi iliyo kati ya mto Pangani na mto Wami. Watu walijiweka rehani wao na watoto wao kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapate nafaka. Wengine, kama vizazi vyao vinavyosimulia hadi leo, walipanda majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula, wakiamini watarudi hali ikitengemaa. Majahazi yaliwashusha katika pwani ya Banadir, kwenye bandari za Barawa, Marka na Mogadishu, na huko wakauzwa kwa wenye mashamba ya kandokando ya mto Shabelle. Miongoni mwao walikuwamo watu wazima, waliokwisha kutiwa jandoni na kuchezwa unyago kwao, na wengi walikuwa pamoja na jamaa zao. Msomaji alishike jambo hili, maana litaeleza mengi mbele.

Haikupita miaka mingi wakaanza kutoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mwonaji, Wanankhucha, aliyewaongoza kuelekea kusini kwa nia ya kurudi Uzigua kwa miguu. Walipofika Mto Juba safari ikakomea hapo. Bonde la chini la mto huo lilikuwa msitu mnene uliojaa mbung'o. Mfugaji aliyeingiza ng'ombe wake humo aliwapoteza, kwa hiyo alibaki nje, na mdudu aliyekuwa adui wa ng'ombe akawa mlinzi wa watu wasiokuwa na ng'ombe. Wakimbizi wakafyeka, wakajenga, wakajifunza tabia ya mto. Juba hufurika, maji yakatuama katika vidimbwi vipana vya kando, kisha hupungua na kuacha tope lenye unyevu. Mkulima aliufuata ukingo wa maji kadiri ulivyorudi nyuma. Alichimba vishimo kwa jembe fupi na kudondosha punje za mahindi, leo mstari huu, kesho ule, mpaka akafika katikati ya kidimbwi. Shamba la namna hiyo huzaa hata katika mwaka ambao mvua imegoma. Nawaomba wasomaji wasilipite hivi hivi: watu waliotoroka utumwa, bila serikali wala mfadhili, walikigeuza kichaka kilichoogopwa na kila mtu kuwa ghala la chakula.

Hadi mwisho wa karne ya 19 bonde lilikuwa na vijiji vya Wazigua, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wanyasa. Kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bundo, alikuwa na nguvu kiasi kwamba wakoloni walilazimika kushughulika naye kama mtawala, na watu wake walipambana na Wasomali wa ukoo wa Ogaden waliotaka kuwatiisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifia kifungoni mwa Waitaliano. Ng'ambo ya magharibi ya Juba, tukumbuke, ilikuwa hadi mwaka 1925 chini ya Waingereza waliotawala Kenya, na mwaka huo waliikabidhi kwa Italia kama malipo ya kuwa upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Kama mpaka ule ungebaki palepale, Wazigua wa ng'ambo hiyo leo wangekuwa Wakenya. Mstari uliochorwa Ulaya uliamua nani angeitwa mgeni wa nani.

Bonde hili moja lilikuwa na njia mbili za kuishi na mwenyeji, na hapo ndipo thamani yake kwa mjadala wetu ilipo.

Waliokaa bonde la kati walifika baadaye. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, kutoka makabila mbalimbali, na hawakuwa na lugha moja ya kuwaunganisha. Walijiunga na koo za Kisomali kama watu wa chini ya ulinzi wao. Walichukua majina ya koo hizo, wakazungumza lugha yao ya Kimaay, wakachangia fidia ya damu pamoja na wenyeji wao. Katika muda wa vizazi vichache walikuwa Wasomali kwa lugha, dini, jina na desturi. Kama kumezwa kunamwokoa mtu, hawa walipaswa kuokoka kabla ya wengine wote.

Wazigua wa bonde la chini walifuata njia nyingine. Kwa kuwa walifika pamoja, wakubwa kwa wadogo, walishika Kizigua, wakashika ngoma zao na hesabu ya ukoo kwa upande wa mama. Hawakujifungia. Walijifunza Kisomali cha sokoni, wakafanya biashara, na kuanzia mwishoni mwa karne ile wakasilimu, wengi kwa mkono wa masheikh wa tariqa za Kisufi. Walipokea dini ya jirani zao kwa moyo wote bila kuiacha lugha ya bibi zao, na sijaona popote palipoandikwa kwamba Kizigua kiliharibu swala ya mtu. Wanaodai kwamba uaminifu kwa nchi au kwa imani hauwezi kukaa pamoja na lugha ya nyumbani wangefaa kuanzia hapa.

Je, waliomezwa walilipwa nini? Waliitwa Wasomali na bado wakatengwa. Mabinti wa koo za wafugaji hawakuozwa kwao. Waliitwa kwa ugumu wa nywele zao, na neno la utumwa halikukauka midomoni mwa watu. Waitaliano walipotaka vibarua wa shokoa kwa ajili ya mashamba yao makubwa katika miaka ya 1930, waliwakamata watu wa bonde la kati na wa bonde la chini bila kubagua. Aliyeitwa kwa jina la ukoo wa Kisomali na aliyeitwa kwa jina la Kizigua walipangwa katika mstari mmoja.

Jamhuri ya Somalia nayo ilikuja na maneno matamu. Serikali ya Siad Barre, iliyoshika madaraka mwaka 1969, ilikataza ukabila, na mwaka 1972 ikakipa Kisomali maandishi rasmi ya herufi za Kilatini. Kampeni ya kusoma na kuandika iliyofuata ilikuwa tendo kubwa, na anayependa lugha za Afrika hana budi kuiheshimu. Lakini taifa lilisimuliwa kuwa la damu moja na lugha moja. Kizigua cha Juba na Chimwini cha Barawa, ndugu wa Kiswahili chetu, havikupewa nafasi darasani. Wakati huohuo, sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi kuwa mali ya serikali na kumtaka mkulima aiandikishe. Aliyejua njia za ofisi za Mogadishu aliandikisha, na mashamba ya ukingo wa Juba yakaanza kuwa na wenyewe ambao hawakuwahi kushika jembe pale. Mtu aliambiwa kuwa sote ni ndugu, huku shamba lake likihamishwa kwa kalamu.

Serikali hiyo ilipoanguka Januari 1991, wapiganaji wa pande mbalimbali walipita bondeni kwa zamu. Walijua wakulima wana ghala za chini ya ardhi, na walijua hawana bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwalipizia kisasi. Waliofukuliwa nafaka, waliobakwa na waliouawa walikuwamo wa Kimaay na wa Kizigua. Miaka mia moja ya kujifananisha haikumkinga mtu hata usiku mmoja. Kilichokosekana ni sheria inayomlinda mnyonge na ardhi yenye hati mkononi mwa anayeilima. Vitu hivyo viwili hakuna lafudhi inayoweza kuvinunua.

Waliosalia walikimbilia Dadaab, nchini Kenya, na baadhi ya Wazigua wakaendelea kwa bahari mpaka Tanga. Kizazi cha sita au cha saba cha watu waliochukuliwa kwa njaa kilishuka Tanga kikisema Kizigua. Walipopelekwa Handeni wenyeji waliwasikia na kuwaelewa, wazee wakaanza kuulizana koo. Tanzania iliwapa makazi katika eneo la Chogo, ikawapa ardhi ya kulima, kisha ikawafungulia mlango wa uraia. Kuna mambo mengi ya kuilaumu serikali yetu, na katika safu hii nimeyasema. Kwa hili inastahili pongezi bila kigugumizi.

Wengine wapatao 12,000 walikubaliwa na Marekani. Mwaka 2002 walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma kusubiri, na kuanzia 2003 wakatawanywa katika miji mingi ya Marekani. Baadhi yao walijikusanya upya katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, ambako Wasomali wengine walikuwa wamewatangulia tangu 2001. Oktoba 2002 meya wa mji huo aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwataka wawazuie jamaa zao wasiendelee kuja. Januari 2003 wabaguzi wachache walikusanyika kuwapinga Wasomali, na watu wapatao 4,000 wakajitokeza siku hiyohiyo kuwatetea.

Meya yule mwenyewe alikuwa wa uzao wa Wafaransa wa Kanada, ambao babu zao walikuja Lewiston kufanya kazi katika viwanda vya nguo. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu, na watoto waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa shuleni. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan waliandamana Maine dhidi ya Wakatoliki hao, ambao walilipa kodi na kuendesha mitambo ya mji mzima. Hawakuchukiwa kwa sababu lugha yao ilidhuru mtu. Walichukiwa kwa kuwa wapya na maskini, na Kifaransa kikawa kisingizio. Wajukuu wengi walikipoteza. Inasikitisha kwamba mtu wa uzao huo ndiye aliyemwambia mgeni mwingine asubiri nje.

Wakulima wa Juba waliofika Maine leo wanalima kwa ushirika katika shamba la zaidi ya ekari 100, karibu na Lewiston, na eneo hilo wameliita Juba Ndogo. Wanapanda mahindi magumu ya kusaga unga, kama ya nyumbani, na kuuza mboga kwa majirani wao wa Kiingereza na wa Kifaransa. Watoto wao wanajua Kiingereza kuliko wazazi. Hakuna amri iliyohitajika, kwa kuwa mtoto wa mhamiaji hujifunza lugha ya mahali anapocheza na anapotafutia riziki. Ofisi ikikataa kumweleza mama yake dawa ya mtoto kwa lugha anayoielewa, inayopotea ni dozi ya mtoto, na umoja wa taifa hauongezeki hata chembe.

Na mwezi Juni 2025 Somalia ikawekwa katika orodha ya nchi 12 ambazo raia wake wamezuiwa kuingia Marekani. Katazo hilo halimuulizi mtu kama ni wa ukoo wa wafugaji au ni mjukuu wa mateka wa Uzigua. Aliyewadharau wenzake Juba na aliyedharauliwa wamefungiwa mlango mmoja. Natumaini Wasomali wenzetu, ambao leo wanaonja kutengwa Minneapolis na Lewiston, watayapima upya waliyotendewa watu wa bondeni.

Nasi tusijivune. Tunawasifu Wazigua wa Juba kwa kukitunza Kizigua karibu miaka mia mbili ugenini, ilhali Handeni na Kilindi kwenyewe wazazi wengi hawakisemi tena na watoto wao. Kiswahili kilituunganisha, na sitaki mtu yeyote akichezee. Lakini Kiswahili hakikuomba kaburi la Kizigua ili kisimame. Halmashauri za Tanga zina walimu, zina wazee, na zina Chogo. Kurekodi hadithi na misamiati ya watu hao ni kazi ya walimu wawili wenye nia na simu ya kurekodia, na nimekuwa nikiisemea kwa muda mrefu bila kuchoka.

Mwenyeji ana haki ya kudai vitu viwili kwa mgeni: atii sheria inayomtawala kila mtu, na ajifunze lugha ya pamoja kwa kadiri atakavyosaidiwa kujifunza. Mwenyeji naye anadaiwa viwili: ulinzi wa sheria hiyohiyo, na mahali pa kulima au kufanya kazi bila kunyang'anywa. Zaidi ya hapo, kinachosemwa jikoni mwa mtu si kazi ya serikali. Juma lijalo tutaipima kanuni hii nyumbani kwetu, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliahidiwa uraia kwa sharti la kutawanywa mikoani, hadi sharti hilo lilipoachwa. Tanzania iliyofanya vema Chogo ilikaribia kukosea huko, na ni wajibu wetu kulisema hilo kwa sauti ileile tunayowasemea Wamarekani.