Treni ya Asubuhi, Treni ya Jioni

Treni ya vitongoji ni ile inayowachukua watu alfajiri kutoka pembezoni mwa mji, ikawafikisha katikati kabla ya saa za kazi, na jioni ikawarudisha makwao. Safari yake ni fupi, aghalabu kati ya kilomita 10 na 50, na abiria wake ni walewale kila siku, wengi wao wakijua hata behewa litakalosimama karibu na ngazi za kutokea. Haina behewa la kulala wala la chakula. Wengi huidhani kuwa ni treni ya bara iliyofupishwa, lakini kazi za treni hizi mbili ziko mbali kabisa. Treni inayokwenda Kigoma, kandoni mwa Ziwa Tanganyika, ikichelewa nusu saa, hakuna wa kushangaa. Ya Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, ikichelewa nusu saa, waliokuwa wakiisubiri wamekwisha kudandia daladala, na kesho yake baadhi yao hawaji tena stesheni. Ndiyo maana mipango ya reli za aina hii huanza na swali moja: kwa saa moja, treni ngapi zinaweza kupita?

Jijini London, reli ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1836 kwenda Greenwich, ikipita juu ya mamia ya matao ya matofali ili isikatize mitaa. Kabla ya hapo upana wa mji ulipimwa kwa miguu: mtu aliishi pale ambapo angeweza kutembea hadi kazini. Reli ilivunja mpaka huo, kwanza kwa wenye fedha. Wafanyakazi wa mishahara midogo walifikiwa baadaye, hasa baada ya sheria ya mwaka 1883 iliyozibana kampuni za reli za Uingereza zitoe treni za nauli nafuu asubuhi na jioni. Bombay, ambayo leo ni Mumbai, ilipata treni yake ya kwanza ya abiria Aprili 1853, ikisafiri kilomita 34 kutoka Bori Bunder hadi Thane. Umeme ulifungwa huko kuanzia mwaka 1925, na sasa mtandao wa vitongoji vya Mumbai hubeba mamilioni ya watu kila siku ya kazi.

Afrika Mashariki ilianza kwa mlango mwingine. Reli ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa ya kufika Ziwa Tanganyika, na ile ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa ya kufika Ziwa Victoria. Nairobi yenyewe ilizaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli. Walichowaza waliolaza mataruma hayo ni pamba, kahawa, katani na askari. Hakuna aliyewaza fundi wa Githurai, kitongoji cha Nairobi, anayetakiwa kuripoti kwenye viwanda vya Industrial Area saa mbili asubuhi. Miji ilipokua kuifuata reli, njia za mizigo zikajikuta zimepita katikati ya makazi ya watu, na treni za wafanyakazi zikaja kupandikizwa juu ya njia hizo.

Huduma ya Dar es Salaam ni mfano mzuri wa upandikizaji huo. Ilianza Oktoba 29, 2012, wakati foleni za barabarani zilikuwa zimewachosha watu na mabasi ya mwendokasi yalikuwa bado hayajaanza. Kampuni ya reli ya kati, TRL, iliendesha treni kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nayo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikaendesha yake hadi Mwakanga. Wananchi hawakungoja jina rasmi. Waliiita Treni ya Mwakyembe, kwa waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Mwaka 2016 reli ya kati ikaongeza safari za Pugu. Nairobi nako, Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya Syokimau, na treni zikaendelea kutoka katikati ya jiji kwenda upande huo, Embakasi, Ruiru na Kikuyu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini treni ya Ubungo na ile ya TAZARA hazikuunganishwa ikawa safari moja? Jibu liko kwenye upana wa reli. Reli ya kati ina milimita 1,000 kutoka chuma kimoja hadi kingine. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ili ishikamane na reli za kusini mwa Afrika, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole cha shahada, lakini inatosha kulizuia behewa lisivuke kabisa. Na kwa kuwa stesheni ya TAZARA iko kwenye Barabara ya Nyerere, mbali na Posta na Kariakoo katikati ya jiji, abiria wa Mwakanga alishuka hapo na kutafuta daladala ya kummalizia safari. Reli ya kisasa, SGR, imeleta upana wa tatu, milimita 1,435. Dar es Salaam sasa ni jiji la reli tatu zisizoingiliana.

Nairobi ina reli za upana wa aina mbili, na hapo tatizo lilipata dawa ya namna yake. Treni ya Madaraka Express iliyoanza mwaka 2017 haifiki katikati ya jiji, inaishia Syokimau. Anayetoka Mombasa huvuka hapo akapanda treni ya reli ya zamani inayompeleka mjini. Treni ya vitongoji imekuwa mkia wa treni ya masafa marefu, na ratiba yake inabidi ifuate ya mwenzake.

Kikwazo kikubwa zaidi ni njia moja. Sehemu kubwa ya reli hizi za zamani ina njia moja tu, na treni zinazokutana hupishana kwenye stesheni zenye njia ya pembeni. Hesabu yake ni rahisi, tena haina huruma. Tuseme kutoka kituo kimoja cha kupishana hadi kinachofuata ni mwendo wa dakika 15. Treni ikiingia kipande hicho, hakuna nyingine inayoruhusiwa kuingia kutoka upande wa pili hadi ya kwanza itoke. Ya kwenda itumie dakika 15, ya kurudi itumie nyingine 15. Basi kwa upande mmoja treni haziwezi kupita mara nyingi zaidi ya moja kila nusu saa, hata kama mabehewa mapya yamejaa karakana. Ikichelewa moja, inayoingoja kwenye njia ya pembeni inachelewa nayo, na abiria aliye ndani anaona treni imesimama porini bila sababu. Kuongeza njia ya kupishana katikati ya kipande hicho kunaweza kufanya kazi kubwa kuliko kununua vichwa vipya vya treni, ingawa njia ya kupishana haikatiwi utepe na mgeni rasmi.

Kisha kuna mwisho wa safari. Treni ya kawaida huvutwa na kichwa kilichoko mbele. Ikifika kituo cha mwisho, mfanyakazi hushuka kati ya kichwa na behewa, hufungua kiungo na mipira ya breki ya upepo, kichwa husogea mbele, huingia njia ya pembeni, huyapita mabehewa yote na kuja kufungwa upande wa pili. Breki hujaribiwa upya kabla ya kuondoka. Kwa treni ya Kigoma hayo si kitu. Kwa treni ya safari ya dakika 40, ni sehemu kubwa ya saa inayopotea, na jukwaa muda wote huo limezibwa.

Dawa ilipatikana Chicago mwaka 1897, pale mhandisi Frank Sprague alipoonyesha kwamba mota za umeme zinaweza kutawanywa chini ya mabehewa na zote zikaendeshwa kwa pamoja kutoka chumba kimoja cha dereva. Treni ya aina hiyo ina chumba cha dereva kila upande. Ikifika mwisho, dereva hutembea hadi upande wa pili, basi. Faida nyingine ni mwondoko. Magurudumu mengi yakisukuma kwa wakati mmoja, treni hushika kasi upesi, na hilo ndilo linalotakiwa pale vituo vinapoachana kwa kilomita moja au mbili. Kasi ya juu kabisa haina maana kubwa kwa treni inayofunga breki kila baada ya dakika mbili. Nairobi ilinunua treni za dizeli za muundo huo, zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, na zikaanza kazi mwaka 2020. Tanzania nayo ina treni za umeme za SGR zilizotengenezwa Korea Kusini, ambazo watu wameziita mchongoko kwa umbo la pua zake. Safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na Pugu ni mojawapo ya vituo vyake, ila ratiba yake imepangwa kwa msafiri wa Morogoro na Dodoma.

Milango nayo si jambo dogo. Behewa la safari ndefu lina mlango mwembamba kila ncha, pamoja na ngazi za kupandia. Abiria 80 wakitaka kushuka hapo huku wengine wakipanda, dakika mbili au tatu zinakwenda. Behewa la vitongoji lina milango mipana mitatu au minne kila upande, na sakafu yake iko sawa na jukwaa, hivyo mama mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo huvuka bila kupanda ngazi. Mumbai walikwenda mbali zaidi: kwa miongo mingi treni zao zimetembea milango ikiwa wazi, na kwenye vituo vingi husimama kwa sekunde zisizofika 30. Malipo yake yamekuwa maisha ya watu. Zaidi ya watu 2,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye reli za jiji hilo, wengi wakigongwa wakivuka njia, wengine wakianguka kutoka milangoni. Treni za kwanza za kiyoyozi zenye milango inayojifunga zilianza huko Desemba 2017.

Kadiri treni zinavyoongezeka, ndivyo barabara inavyoumia. Geti la reli likifungwa dakika mbili kwa treni mbili za saa, madereva hunung'unika tu. Treni zikiwa 12 kwa saa kila upande, magari hayapiti tena. Kwa hiyo mji unaotaka treni nyingi hulazimika kuinua reli au barabara. SGR inaingia Dar es Salaam juu ya daraja refu kwa sababu hiyo, na Senegal, ilipofungua treni ya Dakar hadi Diamniadio mwishoni mwa mwaka 2021, kilomita 36, ilijenga njia mbili mpya zilizozungushiwa uzio badala ya kuiongezea mzigo reli ya zamani.

Fedha ni mahali pagumu. Treni za vitongoji hujaa kwa saa chache asubuhi na saa chache jioni, kisha mchana mabehewa hulala huku madereva, makarani wa tiketi na walinzi wakilipwa. Nauli peke yake mara chache hutosha, na ikipandishwa abiria hurudi kwenye matatu. Miji mingi hulipa pengo hilo kutoka kodi. Japani ilipata njia ya kuvutia zaidi. Kobayashi Ichizo, aliyefungua reli karibu na Osaka mwaka 1910, alinunua mashamba kandokando ya njia yake, akajenga nyumba na kuziuza kwa mkopo. Baadaye akaweka duka kubwa kwenye stesheni ya mwisho ya Umeda. Ardhi iliyopandishwa thamani na treni ndiyo iliyoigharamia treni. Kwetu, viwanja vya jirani na stesheni hupanda bei vilevile, lakini faida huishia kwa dalali na mwenye kiwanja.

Jambo la mwisho ni ulinzi wa njia yenyewe, na hapa somo kubwa limetoka Cape Town. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, Waafrika walisukumiwa mbali na jiji, hadi Khayelitsha iliyo kilomita kama 30 nje, na treni ikawa usafiri wao wa bei ndogo kuliko wote. Miaka mingi baadaye wezi wa shaba walianza kukata nyaya, vituo vikang'olewa mabati, mabehewa yakachomwa moto. Mwaka 2019 njia ya kwenda huko, iitwayo Central Line, ilisimama. Mwaka uliofuata, wakati wa amri ya kubaki ndani kwa ajili ya korona, familia zisizo na pa kwenda zilijenga vibanda juu ya mataruma huko Langa na Philippi. Kuzitafutia mahali pengine kulichukua miaka, na treni zilirudi kwa vipande vipande huku wakazi wakilipa nauli kubwa zaidi kwenye mabasi madogo.