Kutoa nyuma ya picha ya hadubini: ni hesabu, siyo kifutio



Ukimwambia kijana wa studio "nitolee hiyo nyuma", anajua kazi yake: anakata kichwa chako, anabandika rangi ya bluu, picha ya pasipoti tayari. Hakuna anayeumia. Lakini picha ya damu iliyopigwa kupitia hadubini ukiifanyia hivyo umeharibu ushahidi. Kule nyuma ya picha inaondolewa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi tu. Twende taratibu.

Kwa kompyuta, picha isiyo na rangi ni namba tupu. Kila nukta ina namba yake, kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Sasa taa ya hadubini mara nyingi haimuliki sawasawa, katikati panang'aa na kwenye kona kuna giza. Tuseme nyuma ya picha katikati inasoma 200, na kwenye kona 90. Kimelea cha malaria kilichoshika rangi ya Giemsa, kikiwa katikati, kinasoma 140. Iambie kompyuta "chochote chini ya 150 ni kimelea" uone: kona nzima inahesabiwa kimelea! Shusha mpaka 80, kile cha katikati kinapotea. Hakuna namba moja itakayofaa picha nzima.

Na hili siyo suala la urembo. Maabara huhesabu vimelea mpaka zitimie chembe nyeupe 200, halafu huzidisha kwa 8,000 na kugawanya kwa 200. Yaani kila kimelea kimoja kinageuka 40 kwa mikrolita ya damu. Madoa 25 ya uongo tayari ni vimelea 1,000 ambavyo mgonjwa hana.

DAWA YA KWANZA: PICHA TUPU

Bila kugusa taa wala lenzi, sogeza slaidi mpaka mahali pasipo na kitu, piga picha. Kisha gawanya picha ya damu kwa picha tupu, nukta kwa nukta. Kimelea cha katikati: 140 kwa 200 ni 0.7. Kimelea kama hicho kikiwa kwenye kona kitasoma 63, na 63 kwa 90 ni 0.7 vilevile! Nyuma yote inakuwa 1. Hata vumbi lililoganda kwenye lenzi linaondoka, kwa kuwa limo kwenye picha zote mbili.

Kwa nini tusitoe tu? Ukitoa unapata 60 katikati na 27 kwenye kona, bado hazilingani. Taa hafifu inapunguza kila kitu kwa uwiano, kwa hiyo dawa ni kugawanya. Kutoa kunafaa pale vitu vinapong'aa vyenyewe gizani, na nyuma ni ukungu wa mwanga ulioongezeka juu yake.

DAWA YA PILI: MPIRA

Kama huna picha tupu, kuna mbinu aliyoiandika Stanley Sternberg mwaka 1983. Ione picha kama nchi ya milima, palipong'aa ndo mlima. Viringisha mpira kwa chini, ukisugua ardhi. Vilima vyembamba mpira hauwezi kuingia ndani yake. Pale mpira unapofika panahesabiwa kuwa ni nyuma, na hiyo unaitoa. Picha ya damu ina vitu vyeusi kwenye weupe, kwa hiyo inageuzwa kwanza.

Programu ya ImageJ inafanya hivi bure. Ilianzishwa na Wayne Rasband kule NIH, Marekani, mwaka 1997. Bonyeza Process, halafu Subtract Background, na kwa picha ya damu weka tiki kwenye Light background. Utakuta nusu kipenyo cha mpira ni nukta 50.

Hapo ndo pa kuwa macho, msibonyeze OK tu! Mpira lazima uwe mkubwa kuliko kitu kikubwa unachokihesabu. Chembe nyeupe ni kubwa kuliko kimelea. Ukiweka mpira mdogo, unazama ndani ya chembe nyeupe na kuififisha kana kwamba ni nyuma, wakati vimelea vinabaki. Picha itapendeza kweli, lakini uwiano umeshakuwa wa uongo. Ukiweka mkubwa kupita kiasi, giza la kwenye kona linabaki palepale.

Kwa hiyo, wadau: tunzeni picha ya asili bila kuigusa, na iwe TIFF, maana JPEG inatupa baadhi ya taarifa. Picha zote za kazi moja zipitishwe hesabu ileile, nzima nzima, siyo kipande. Na andikeni ukubwa wa mpira kwenye ripoti ili mwingine aweze kurudia. Kwangu mimi hiyo ya mwisho ndo inayotenganisha kusafisha na kughushi.

Mliopo vyuoni na maabara, mnatumia mpira wa ukubwa gani? Mwageni maoni.