Kizunguzungu cha Sikio Hakiponi kwa Kulala

Mtu akiona chumba kinazunguka kila anapojigeuza kitandani, hupimwa presha na malaria, kisha huambiwa alale atulie na ameze vidonge. Nia ni njema. Lakini chanzo kikiwa sikio la ndani, kutulia kwa muda mrefu ndiko kunakomchelewesha kupona.

Sikio hilo, mbali na kusikia, lina mifereji mitatu ya umajimaji inayoupasha ubongo habari za kila mgeuko wa kichwa. Sikio moja likidhoofika, habari za kulia na kushoto hupishana, na mgonjwa huhisi anazunguka ilhali amekaa. Ubongo una uwezo wa kuizoea hitilafu hiyo, ila hauwezi kuizoea bila kukutana nayo. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia humtaka mgonjwa akazie macho herufi ukutani huku akigeuza kichwa, asimame miguu ikiwa imebanana, kisha atembee akitazama huku na huku. Msingi wa mazoezi hayo uliwekwa Uingereza miaka ya 1940 na Terence Cawthorne na F. S. Cooksey, walioona kwamba wagonjwa wanaojongea mapema hupona upesi.

Aina ya kizunguzungu cha sikio iliyo ya kawaida zaidi ina chanzo kingine: chembechembe za kalsiamu hung'oka mahali pake na kuingia mferejini. Hakuna kidonge cha kuzirudisha. John Epley, daktari wa Oregon, Marekani, alichapisha mwaka 1992 namna ya kuzitoa kwa kukipitisha kichwa katika mikao kadhaa. Uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane wa 2014 ulionyesha kizunguzungu kikiisha kabisa kwa asilimia 56 ya waliotibiwa hivyo, dhidi ya 21 kwa wengine. Huweza kurudi, ni kweli. Na tiba nayo hurudiwa, kwa kitanda na mikono ya mjuzi tu.

Wapo wanaolalamika kuwa mazoezi huongeza kichefuchefu. Mwanzoni, ndiyo, na vidonge vina nafasi yake siku hizo chache za kutapika. Vikizidi, huupumbaza ubongo unaopaswa kujifunza. Hoja nzito zaidi ni kwamba kizunguzungu chaweza kuwa kiharusi. Ulimi ukiwa mzito, kiungo kikilegea, ukiona vitu viwiliviwili au ukishindwa kusimama, kimbilia hospitali. Dalili hizo zisipokuwepo, kabla ya kununua paketi nyingine mwombe daktari akulaze kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, ayatazame macho yako. Kipimo hicho hakihitaji mashine.