Mchezo wa Kompyuta Unapokwamakwama: Namna ya Kutafuta Chanzo

Watu wengi huamini kwamba mchezo wa kompyuta ukianza kukwamakwama, dawa yake ni kununua mashine mpya. Kwa familia ya Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, ambayo imenunua kompyuta mpakato moja kwa kujinyima ili itumike kwa masomo na kwa mapumziko pia, dawa hiyo ni ghali mno. Aidha, mara nyingi haihitajiki. Mashine ileile yaweza kuuendesha mchezo vema, iwapo itatambuliwa ni sehemu gani iliyoelemewa, kisha sehemu hiyo ikapunguziwa mzigo.

Mwendo unavyopatikana

Kioo cha kompyuta hakionyeshi mwendo halisi, bali mfululizo wa picha zilizotulia. Zikifuatana upesi, jicho huona mwendo. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Lakini picha hizo zimekwisha kupigwa na husubiri zamu yake tu. Picha ya mchezo huchorwa papo hapo, kwa kufuata mkono wa mchezaji.

Ili zipatikane picha 60 kwa sekunde, kila picha sharti ikamilike kwa milisekunde 16.7 hivi. Kwa picha 30, muda huo ni milisekunde 33.3. Kazi ikichelewa, picha ya awali hubaki kiooni na mchezaji huona mkwamo. Hapa wastani waweza kudanganya. Picha 45 zikichukua milisekunde 20 kila moja, na moja ikachukua milisekunde 100, jumla ni picha 46 katika sekunde moja. Hesabu hiyo yaonekana nzuri, lakini jicho limekwisha kuona kikwazo.

Wafanyakazi wawili

Kila picha hutengenezwa na wafanyakazi wawili. Prosesa kuu hukokotoa mambo ya mchezo: gari liko wapi, mpira umegonga nini, adui anaelekea upande gani. Prosesa ya picha hupaka rangi kila nukta ya kioo. Ni kama mwashi na mbeba matofali: mmoja akichelewa, ukuta mzima huchelewa.

Kumtambua aliyechelewa si vigumu. Michezo mingi ina kihesabio cha picha kwa sekunde ndani ya mipangilio yake. Kwanza iondolewe mipangilio inayoifungia kasi ya picha kwenye kiwango fulani. Kisha ipunguzwe idadi ya nukta kutoka 1920 kwa 1080, yaani nukta 2,073,600, hadi 1280 kwa 720, yaani nukta 921,600. Kasi ikipanda sana, prosesa ya picha ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Isipobadilika, yaelekea kasoro iko kwa prosesa kuu, na kuendelea kupunguza nukta ni kuharibu picha bure.

Mzigo wa kupunguza

Prosesa ya picha ikiwa ndiyo iliyoelemewa, vivuli vipunguzwe mapema. Ili kujua mahali kivuli kinapoangukia, mashine aghalabu huichora mandhari upya kana kwamba inatazamwa kutoka kwenye taa au jua; hivyo kazi huongezeka sana. Kisha ipunguzwe kazi ya kulainisha kingo za vitu.

Prosesa kuu ikiwa ndiyo iliyoelemewa, upunguzwe umbali wa kuona na wingi wa watu na magari mchezoni.

Michoro inayovikwa kuta, nguo na ardhi ina tabia yake. Ikienea katika kumbukumbu ya picha, hudhuru kasi kidogo tu. Isipoenea, mashine hulazimika kuihamisha huku na huko, na mchezo hukwama ghafla kila mandhari inapobadilika.

Joto, vumbi na betri

Mchezo ukianza vizuri kisha ukazorota baada ya dakika kadhaa, joto lishukiwe. Prosesa ikipata joto kali hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Wakati wa kiangazi vumbi la Shinyanga huziba feni na matundu ya hewa, na kompyuta iliyowekwa juu ya godoro hukosa pumzi kabisa. Iwekwe juu ya meza, izimwe, ichomolewe kwenye umeme, kisha matundu yasafishwe kwa brashi laini. Umeme ukikatika pia, kompyuta mpakato nyingi hupunguza nguvu zake ili kuitunza betri.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa zoezi la sayansi. Wanafunzi wachague sehemu moja ya mchezo na kuirudia kila mara. Wabadilishe mpangilio mmoja tu, wapime mara tatu, waandike matokeo katika jedwali, kisha waurudishe kabla ya kugusa mwingine. Anayebadilisha mipangilio mitano kwa pamoja aweza kufaulu, lakini hatajua ni upi uliomfaa.

Zoezi hili si la michezo tu. Wahandisi wa migodi hutumia programu zinazochora mashimo na miamba kwa vipimo vitatu, nazo huzielemea prosesa kwa namna ileile. Kijana wa Shinyanga au Geita atakayeajiriwa katika kazi hiyo atakuta mashine iliyokwama ikimsubiri, na atakuwa amekwisha kujua pa kuanzia.