Ahadi ya Kazeh na Hesabu za Hoteli

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Msafara wao uliongozwa na Said bin Salim na kulindwa na askari wa Kibaluchi waliotolewa na Sultani wa Zanzibar. Konseli wa Uingereza kule Zanzibar, Atkins Hamerton, alikuwa amewaahidi Said na askari hao zawadi kazi ikiisha. Hamerton akafariki Julai 1857. Msafara uliporudi mwaka 1859, Burton akakataa kulipa, akidai ahadi ilitegemea mwenendo mwema wa watu wenyewe. Konseli mpya, Christopher Rigby, aliwatetea kwa barua kwa serikali ya Bombay, na ugomvi huo ukamwachia Burton doa. Watu walifanya kazi muda wote huo wakiitegemea ahadi, na ilipoiva hapakuwa na aliyekubali kuwa ni deni lake.

Deni la namna hiyo lina kanuni yake leo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 19, IAS 19, kinahusu mafao ya wafanyakazi, na Tanzania inafuata viwango hivyo tangu 2004 chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kinataka fao liandikwe pale mfanyakazi anapolitolea jasho, hata kama fedha zitatoka mwakani. Tena deni halizaliwi na maandishi peke yake. Hoteli iliyozoea kila mwaka kumlipia mpishi wake nauli ya likizo hadi Kigoma, mpaka mpishi akawa na haki ya kuitarajia, imejifunga kwa mazoea yake.

Chukua likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka. Tuseme hoteli ina watu 20, kila mmoja analipwa shilingi 260,000 kwa mwezi, na ikifika Desemba 31 kila mmoja anadai siku 14 kwa sababu wageni walikuwa wengi. Ndani ya siku hizo 14 kuna siku 12 za kazi. Mshahara ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 10,000, kwa hiyo kila mtu anadai 120,000 na hoteli nzima inadaiwa 2,400,000. Kiasi hicho kinapaswa kuonekana kwenye mizania. Kisipoonekana, faida iliyotangazwa ina jasho la watu ndani yake. Kiinua mgongo kilichoahidiwa kwenye mkataba wa hali bora kinahesabiwa kwa uangalifu zaidi, maana kinakua kila mwaka wa utumishi. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haina utata: ni gharama ya mwezi husika.

Mbali na tarakimu kuna maneno. Kiwango cha NBAA kiitwacho TFRS 1 kinaongoza taarifa ya wasimamizi wa kampuni inayoambatana na hesabu, na humo ndimo hukaa aya za ustawi wa wafanyakazi: mafunzo, matibabu, usalama kazini, watu wenye ulemavu, uwiano wa wanawake na wanaume. Aya hizi hunakiliwa kirahisi mwaka hadi mwaka, na hilo linaniudhi. Ukisoma kwamba kampuni inagharimia matibabu, nenda kwenye maelezo ya gharama za wafanyakazi utafute fungu lake. Usipolikuta, uliza.

Hoteli nyingi za Tabora ni za watu binafsi na hesabu zake hazitangazwi. Anayetaka kujifunza kusoma hesabu aanze na TPS Eastern Africa, kampuni ya hoteli za Serena, ambayo hisa zake zinauzwa Nairobi na ripoti zake za mwaka ziko wazi kwa kila mtu.

Vibarua nao wamo. IAS 19 inamhesabu wa kudumu, wa muda na wa kutwa, wote ni wafanyakazi, hata anayeitwa jikoni siku ya harusi tu.

Ndugu mwenye hoteli, kabla ya kufunga mwaka, mwite mhasibu na kiongozi wa tawi la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kama lipo, mfungue daftari la likizo mezani, kisha orodhesheni kila ahadi mliyowapa watu wenu, hata ile iliyotolewa kwa mdomo tu.