AJALI IMEPITA, MBONA AKILI BADO INAKOKOTA?

Kidonda cha kichwani kimefunga, nywele zimeota, na kijana wa bodaboda amerudi kijiweni Masasi mjini. Washkaji wanampongeza. Wiki haijaisha, minong'ono inaanza: "Jamaa siku hizi mzito!" Stori mbili zikipigwa kwa pamoja, anapotea. Mama akimtuma vitu vitatu, anarudi na kimoja. Wengine watasema kachezewa, wengine watamwita mvivu. Na hapo ndipo wengi huvunjika moyo, wakaacha kazi, hata marafiki.

Ndugu msomaji, si uchawi wala si uvivu.

Kichwa kikigonga chini, ubongo, ambao ni laini, hutikisika ndani ya fuvu. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari toka sehemu moja ya ubongo kwenda nyingine huvutika, na baadhi hukatika. Habari zinafika, ila kwa kuchelewa. Mwenzio analijua jibu, lakini wewe umeshahamia swali jingine! Na jambo lisiloingia vizuri halikumbukwi. Ya darasa la nne anayo yote, ya asubuhi ya leo yamepotea.

Je, ndiyo basi tena? Hapana. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini mtu anaweza kuendelea kupata ahueni kwa miaka. Askari mmoja wa Kisovieti, Zasetsky, alijeruhiwa kichwani vitani mwaka 1943. Kusoma na kukumbuka kukawa taabu tupu. Kwa msaada wa mtaalamu Alexander Luria alijifunza upya, akaandika habari za maisha yake kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 25.

Basi silaha ya kwanza ni daftari la mfukoni, na simu iliyotegwa kengele. Karani wa korosho aandike kilo pale pale mzani unaposimama, kabla hajapokea gunia la pili. Afanye jambo moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Funguo zikae mahali pamoja kila siku. Alale vya kutosha, apumzike kabla hajachoka, na uraka wa mabibo auache kabisa. Pombe humrudisha nyuma.

Nanyi wa nyumbani, msimmalizie sentensi. Mpeni nafasi. Kama anajifunza jina, mtajieni, alirudie baada ya dakika moja, kisha tano, kisha nusu saa. Asipolikumbuka, mwambieni, msimwache akisie, maana kosa nalo hukaa kichwani.

Suala la pikipiki halina mzaha. Breki inataka uamuzi wa papo hapo, na mteremko wa Newala haumsubiri mtu. Asishike usukani mpaka daktari aruhusu, hata kama hesabu ya bosi inadaiwa.

Akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipatwa na degedege au usingizi usio wa kawaida, msingoje kesho. Mkimbizeni hospitali iliyo karibu: Mkomaindo, Ndanda au ya wilaya pale Newala. Akihitaji upasuaji wa ubongo atapewa rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam.

Kwa hiyo ukimkuta mshkaji wako kijiweni anatafuta neno, usicheke. Subiri kidogo. Neno linakuja.