Shaka Ikiingia Shehenani, Nani Hulipa?

Tarehe 26 Mei 2011, mkuu wa wizara ya afya ya jimbo la Hamburg alitangaza kwamba matango kutoka Hispania yamekutwa na bakteria hatari wa E. koli. Kaskazini mwa Ujerumani watu walikuwa wakiharisha damu, figo zinafeli, wengine wanakufa, na kila mtu alitaka kujua wameambukizwa na nini. Bakteria kweli walikuwamo kwenye matango yale. Siku tano baadaye vipimo vikaonyesha kwamba hawakuwa wa aina iliyokuwa ikiwaua wagonjwa. Siku tano ni kitambo kidogo mahakamani, ila tango halingoji rufaa. Oda zilikuwa zimeshafutwa, na wakulima wa Andalusia walikuwa wakimwaga mavuno ambayo hayakuwa na mnunuzi. Urusi ilikwishafunga mlango kwa mboga za Ujerumani na Hispania, na tarehe 2 Juni ikaufunga kwa mboga mbichi za Umoja wa Ulaya wote. Ilipofika tarehe 10 Juni, wachunguzi wa Ujerumani walieleza kwamba ugonjwa ulitokana na mbegu zilizochipushwa katika shamba moja la Lower Saxony, nyumbani kwao wenyewe. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walikufa.

Mkasa huo husimuliwa kama kosa la maabara lililorekebishwa. Mimi nauona ukieleza jambo ambalo mabishano yetu kuhusu mboga na mipaka huliruka. Kila soko linapofungwa, sisi huuliza: ni afya au ni siasa? Swali hilo halina jibu safi, kwa kuwa mara nyingi ni vyote viwili. Shaka juu ya chakula huwa na gharama, na gharama hiyo lazima imwangukie mtu. Sayansi inaweza kutuambia shaka ni kubwa kiasi gani. Nani aibebe, hilo huamuliwa na nguvu.

Tazama yaliyofuata. Hispania ilipiga kelele ndani ya chombo ambacho yenyewe ni mwanachama, na mwezi huohuo wa Juni Umoja wa Ulaya ukatenga euro milioni 210 za fidia kwa wakulima wa matango, nyanya, saladi, pilipili hoho na mamumunye machanga. Fedha hizo hazikufuta hasara yote, lakini zilikuwapo. Wachunguzi nao walizifuata zile mbegu hadi kwenye shehena ya uwatu kutoka Misri, kwa kulinganisha wagonjwa wa Ujerumani na wengine walioibuka karibu na mji wa Bordeaux, Ufaransa. Bakteria wenyewe hawakupatikana ndani ya mbegu zilizopimwa. Ushahidi ulikuwa wa nyayo tu, japo nyayo zenyewe zilielekea upande mmoja. Mwezi Julai Ulaya ikapiga marufuku uwatu wa Misri pamoja na mbegu nyingine kadhaa za kuchipusha. Misri ilikanusha, lakini haikuwa na kiti kwenye meza ile wala mfuko wa fidia wa kuchotea.

Atakayesema kwamba watu wakifa hakuna nafasi ya kusubiri ana haki ya kusikilizwa. Ningekuwa afisa wa afya Hamburg wiki ile, huenda nami ningetangaza. Hata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea, unaotumika tangu 1995, unakubali hilo: nchi yaweza kuchukua hatua ya muda pale sayansi isipotosha, mradi iendelee kutafuta ushahidi na kuipitia upya hatua hiyo katika muda unaofaa. Sheria hiyo ina busara yake. Walakini, haisemi lolote juu ya mwenye shamba ambaye baadaye anaonekana hakuwa na kosa. Inamruhusu mnunuzi ashuku, na bili inabaki kwa muuzaji. Urusi haikubanwa hata na hiyo, kwa sababu ilijiunga na shirika hilo Agosti 2012. Tarehe 10 Juni 2011 ilikubali kimsingi kulegeza marufuku yake baada ya viongozi wake kukutana na wale wa Umoja wa Ulaya. Vidudu havihudhurii mikutano ya marais.

Kwetu mfano unaouma ni wa mishiri ya Kenya. Mwishoni mwa 2012 shehena za mishiri na njegere zilizuiwa Ulaya kwa mabaki ya dimethoeti, dawa ya kuua wadudu, na kuanzia 2013 shehena moja kati ya kila kumi ikawa lazima ipimwe mpakani. Wengi walisema huo ni ukuta wa kibiashara uliovishwa koti jeupe la daktari. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mabaki yalikuwamo, na kiwango kinachomfunga mkulima wa Kirinyaga kinamfunga pia mkulima wa Ulaya. Tena mlaji wa Nairobi, ambaye mboga zake hupimwa kwa nadra, ana sababu ya kuutamani ukali huo. Tofauti iko kwenye bega linalobeba. Gharama ya kipimo hupenya hadi kwenye bei anayolipwa mkulima, na kila siku ya kusubiri majibu hupunguza uhai wa mzigo unaonyauka. Kampuni kubwa zenye maabara na mashamba yao humudu. Mwenye robo ekari huachwa na mnunuzi, hata kama hakuwahi kuigusa dawa hiyo, kwani hana daftari la kuthibitisha. Na tusisahau kwamba viwanda vya Ulaya vimeruhusiwa kutengeneza na kuuza nje dawa ambazo haziruhusiwi kupuliziwa kwenye mashamba ya Ulaya yenyewe.

Huenda mtu akasema mnyonge hana la kufanya. Aprili 2025 Tanzania ilijibu vinginevyo. Afrika Kusini ilikuwa imezuia ndizi zake kwa muda mrefu kwa hoja za afya ya mimea, na Malawi ilikuwa imefunga mlango kwa mazao kadhaa, yakiwemo mchele na tangawizi. Tanzania ikapiga marufuku mazao ya kilimo ya nchi zote mbili. Siku chache tu zikapita, mazungumzo yakaanza na marufuku ikaondolewa. Katika siku hizo hakuna ndizi iliyogeuka kuwa salama zaidi. Kilichobadilika ni kwamba Malawi, isiyo na bahari, hupitisha sehemu ya mizigo yake Dar es Salaam, na Afrika Kusini ina matufaha na zabibu za kuuza huko. Mkulima wa tangawizi wa Same hana bandari, na mwenzake wa Malawi, ambaye hakuandika marufuku yoyote, naye hana.